Bahasha Iliyokataa Kuoza

Hakuna mwanamke anayejua kufunga kifurushi kama mimi. Nikifunga mimi, hakifunguki. Ndiyo maana wateja kumi na mmoja waliniandikia kwamba wamevunja visu, na wa kumi na mbili akaniandikia kwamba amevunja jino.

Ambao hamkuwa nami wiki iliyopita, sogeeni niwape kwa kifupi. Mimi na mke mwenzangu tunatengeneza sabuni za mafuta na kuziuza mtandaoni. Mume wetu alifariki miaka kumi na tisa iliyopita akatuacha wawili kwenye nyumba moja, na sisi hatukuona sababu ya kuachana. Yeye ni Bi Mkubwa. Mimi ni Bi Mdogo hadi leo, na magoti haya. Yeye anapika sabuni, mimi ninafunga na kupeleka posta.

Wiki iliyopita nilikiri jinsi mteja mmoja alivyofungua kifurushi changu mbele ya kamera ya simu yake. Sabuni moja tu, ya kuenea kiganjani. Akatoa mfuko wa nailoni. Akatoa ile nailoni yenye vibofu vya hewa. Akatoa mfuko mwingine. Akavuta selotepu yenye urefu wa kamba ya kuanikia nguo. Alipoifikia sabuni alikuwa anatokwa jasho, na kweli alikuwa anaihitaji.

Watu elfu nne walimtazama. Duka la mtandaoni likatuandikia kwamba ndani ya wiki sita tuchague vifungashio rafiki kwa mazingira, vinavyooza, la sivyo tutaondolewa dukani.

"Vinavyooza," Bi Mkubwa alinisomea, kidole juu ya neno.

"Vinaoza binti wa nani?" nikamuuliza.

Hakucheka. Bi Mkubwa huchekea utani wangu kesho yake, akiwa peke yake, anakoroga sabuni.

Hapo ndipo nilipowaachia. Sasa nawaambia yaliyofuata, na ninyi mnihukumu, ila mnihukumu polepole.

Habari zilimfikia mwanangu, Bwana Mipango. Siku ya pili akaja na futi ya kupimia, akapima chumba cha sabuni, akaandika, akapima tena. Mwanangu ni mtu mwema. Hilo ndilo tatizo lake. Amekwisha kunitengea chumba cha nyuma nyumbani kwake na mapazia ameshatundika. Kwake makochi yamevikwa nailoni, rimoti ya televisheni imevikwa nailoni, na nina hofu nikikaa kimya sana watanivika na mimi.

Akasema mambo yako wazi. Tukibaki dukani, tutabaki nyumbani kwetu. Tukiondolewa, sufuria zinauzwa, yeye anakuja na gari kunichukua, na Bi Mkubwa, ambaye hakujaliwa mtoto, atakwenda kwa binti wa ndugu yake, mwendo wa siku nzima kwa basi.

"Ni kwa ajili ya afya zenu, mama," akasema.

Bi Mkubwa alikuwa anakata sabuni. Mche ule wote ulitoka umepinda, na yeye kwa miaka yote hukata kama aliyewekewa rula.

Basi ikabidi tuchague.

Msidhani kuchagua ni jambo jepesi. Sabuni yetu ina mafuta mengi, na joto likizidi inatoa jasho. Ukiifunga kwa gazeti, mteja anaoga huku kajichapa matangazo ya vifo mgongoni. Ukiitia kwenye boksi, boksi linalowa, linakuwa na doa kama mtu kakaa juu yake na sambusa. Nailoni ndiyo ilikuwa inatusitiri, na nailoni ndiyo tumekatazwa.

Nikaenda kwa Mzee Karatasi, mwenye duka la vifungashio nyuma ya posta. Mzee Karatasi ana meno yake yote na anajua kuyaonyesha. Akanitolea bahasha ya khaki, nzuri, ngumu, inanukia ofisi. Nikaweka sabuni ndani, nikaiacha juani juu ya kaunta yake muda wa soga mbili tatu. Hakuna doa.

"Hii ni karatasi tupu, binti," akaniambia. "Ukiifukia inakuwa udongo."

Binti. Nina miaka sabini na moja. Nikaagiza elfu mbili.

Nyumbani nilipeleka moja tu, kama mfano. Bi Mkubwa akaigeuza, akaipaka mafuta kwa kidole, akasubiri.

"Karatasi tupu isiyopitisha mafuta?" akauliza.

"Imebanwa."

"Imebanwa na nini?"

"Imebanwa tu, Bi Mkubwa. Mambo ya kiwandani."

Mimi nilikuwa nimemuuliza muuzaji, yeye akataka kuuliza udongo. Akasema tutachimba mashimo manne bustanini na kufukia aina nne: gazeti, boksi jembamba, mfuko ule laini wanaosema umetengenezwa kwa wanga wa mahindi, na bahasha ya Mzee Karatasi. Baada ya wiki tano tufukue. Kitakachokuwa kimeoza ndicho tutakachonunua. Kabla ya hapo hatununui chochote. Nikasema sawa, kwa sauti ya mtu ambaye hajanunua chochote.

Tukafukia asubuhi. Bi Mkubwa alichomeka kijiti juu ya kila shimo na kukiandika jina. Jirani akachungulia juu ya ukuta, akaona vikongwe wawili wameinamisha vichwa mbele ya vijilima vinne vya udongo.

Akauliza kwa upole ni nani.

"Bahasha," nikamjibu.

"Poleni jamani. Aliugua muda mrefu?"

"Hata. Juzi tu katoka dukani."

Akaenda akaturudishia sufuria yetu aliyoazima tangu mwaka jana. Nikawaza tungezika vitu mapema zaidi.

Makubaliano yalikuwa kusubiri wiki tano. Nilisubiri siku nne. Oda zilikuwa zimejaa, wateja wanauliza, na bahasha zangu elfu mbili zimekaa chini ya kitanda, kitanda kimepanda juu hata miguu yangu haigusi sakafu. Nikaanza kupeleka posta sabuni ndani ya bahasha za khaki. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kufanya kosa moja nikatosheka, nikachongesha muhuri mkubwa wa mpira. Kila bahasha nikaigonga kifuani kwa wino wa kijani:

INAOZA NDANI YA SIKU THELATHINI.

Nilijiona msomi.

Wiki ya pili simu yetu ikaanza kulia ujumbe juu ya ujumbe. Mama mmoja aliandika kwamba ameihifadhi sabuni kwenye friji, je, iwe juu na maziwa au chini na mboga? Mwingine akasema familia yake inaoga mara nne kwa siku ili iishe kabla ya tarehe, na watoto wamechubuka. Kijana mmoja alisema ameinusa kila asubuhi na haoni dalili, je, amepewa iliyokwisha kuoza au ambayo bado? Mwalimu mmoja alituuliza kwa lugha safi sana kama hatuoni aibu.

Na mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, Mungu amzidishie, aliandika hivi: "Nimesoma tangazo lenu kwamba nyumba yenu inaoza ndani ya siku thelathini. Niko tayari. Nitumieni picha ya bibi harusi."

Nilikuwa namchagulia picha ya Bi Mkubwa ile ya kitambulisho wakati mwenyewe alipoingia.

Alisoma ujumbe wote akiwa amesimama. Kisha akaniuliza nimenunua ngapi.

"Chache."

"Chache ngapi?"

"Mia mbili."

Akanitazama. Niwaambie kitu kuhusu Bi Mkubwa. Yeye hasemi uongo. Sijui kama ni dini au ni ukaidi. Wiki yangu ya kwanza katika ndoa, nilipika mchuzi, mume akausifu, wageni wakausifu. Bi Mkubwa akaonja akasema unafanana na maji ya kusuuzia sufuria. Siku hiyo nililia, lakini siku hiyo hiyo nikajua kwamba humu ndani kuna mtu mmoja nitakayemwamini. Sasa mtu wa namna hiyo ukimdanganya huwa hakugombezi. Anakutazama tu, kama daktari anayesoma cheti chako.

Mwalimu yule wa lugha safi hakuishia kwetu. Alipeleka malalamiko dukani. Duka likatuandikia tena: kwa kuwa mmewatangazia wateja kwamba kifungashio chenu kinaoza, mkaguzi wetu atakuja kushuhudia. Kama ni kweli, mtapewa alama ya jani la kijani na sabuni zenu zitawekwa ukurasa wa mbele. Kama si kweli, mtaondolewa siku hiyo hiyo.

Bwana Mipango aliposikia akasema atakuwepo. Na gari.

"Aje tu huyo mkaguzi," Bi Mkubwa akasema. "Tumefukia kwa mikono yetu. Aje afukue aone."

Alisema hivyo bila wasiwasi wowote, nami nikaona kwamba anaamini. Mashaka yake yote kuhusu bahasha alikuwa ameyaachia udongo. Lakini mimi nililala na elfu moja na mia kadhaa ya bahasha hizo chini ya mgongo wangu, na nilianza kuzisikia.

Siku tatu kabla ya mkaguzi, Bi Mkubwa alikwenda kliniki ya macho. Alipopinda kona tu, nikachukua kijiko kikubwa cha chakula, nikapiga magoti kwenye kijiti cha nne.

Nilichimba kidogo tu. Ngozi ya khaki ikaniganda vidoleni, laini, nyeusi, imeoza vizuri kabisa, moyo ukaruka kwa furaha. Nikaipangusa. Chini yake kulikuwa na bahasha ya pili.

Nailoni. Nyembamba kama utando wa yai, safi, inang'aa. Wiki tano kasoro ardhini na haikuwa na hata kikunyanzi. Ungeweza kuitia barua ukaipeleka posta. Kumbe ndiyo iliyokuwa inazuia mafuta. Karatasi imegandishwa juu ya plastiki, na Mzee Karatasi na meno yake yote anajua.

Nikakaa pale kwenye udongo. Nikaiona rimoti iliyovikwa nailoni. Nikamwona Bi Mkubwa kituo cha basi na sanduku lake la bati, halisi mpaka kamba aliyolifungia.

Mtu mwenye akili angemsubiri mwenzake arudi, amweleze. Mimi nikafikiria hesabu. Shimoni kukiwa na bahasha, haijaoza. Shimoni kusipokuwa na kitu, imeoza. Nilifika darasa la saba, na hesabu nilikuwa wa tatu.

Nikaitoa bahasha ya nailoni, nikakomba na weusi wote wa karatasi shimoni, nikaikunja, nikaishonea ndani ya mto wa kiti cha sebuleni. Shimo nikalifukia, nikalisawazisha kwa kiganja, nikarudisha kijiti. Bi Mkubwa aliporudi na matone yake ya macho alinikuta nimelala chali, nasoma tenzi kwa sauti. Angepaswa kushtuka pale pale.

Mkaguzi alikuja Alhamisi saa nne asubuhi. Nilitegemea mwanamume mwenye tai. Akaja binti mdogo mwenye buti za mpira, daftari, na koleo lake mwenyewe dogo la bustani.

"Shikamooni, bibi zangu."

Tukaitikia marahaba kwa pamoja kama kwaya. Nikamkaribisha kiti. Akakaa. Mto ukalia chakacha.

Akainuka kidogo akautazama. Nikamwambia umejazwa majani makavu, kwa ajili ya mazingira. Akaandika kwenye daftari. Sikujua kama ni vizuri au vibaya.

Bwana Mipango alikuwa amesimama mlangoni na futi yake mfukoni. Akamwuliza mkaguzi kwa adabu shughuli itachukua muda gani, kwa sababu gari ameliegesha mahali pa watu.

Tukatoka bustanini. Binti akafukua shimo la kwanza. Gazeti lilikuwa limekwisha, kimebaki kipande chenye nusu ya neno. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Boksi lilikuwa kama biskuti iliyosahauliwa kwenye chai. Akaandika. Mfuko wa wanga ulikuwa umebaki nyuzinyuzi ambazo akizigusa zinakatika. Akaandika tena, akatabasamu, akasema sampuli zetu ni nzuri kuliko za viwanda vikubwa alivyokagua.

Akapiga magoti kwenye shimo la nne. Mimi nilikuwa nimeshaandaa uso wangu, uso wa mtu anayeshangazwa na uwezo wa udongo. Nilikuwa na maneno tayari pia: jamani, imetoweka yote.

Koleo likagusa kitu.

Akachimba kwa mkono, akatoa bahasha. Ya khaki. Imeraruka, ina madoa ya kahawia, pembe zimelika, nusu yake imenywea. Ukiitazama unasema hii wiki mbili zijazo haitakuwepo duniani.

Uso wangu wa kushangaa sikuhitaji kuuandaa tena. Mimi shimo lile nililiacha tupu. Nililisawazisha kwa kiganja changu.

Nikageuka kumtazama Bi Mkubwa. Bi Mkubwa alikuwa anatazama juu ya mapaa, kama mtu anayesubiri kujua kama mvua itanyesha. Jua lilikuwa linawaka.

"Hii inaendelea vizuri," mkaguzi akasema. Akaigeuza. Akaileta karibu na pua. Akanusa, akanusa tena. "Bibi, hapa mnamwagia nini?"

"Maji," Bi Mkubwa akasema.

"Maji gani?"

"Ya bomba."

Wasomaji wangu, miaka arobaini na nne nimeishi na mwanamke huyu, na huo ndio uongo wa kwanza nilioushuhudia kinywani mwake. Aliusema vibaya sana, kama mtu anayepanda baiskeli mara ya kwanza, huku na huku, miguu haifiki.

Mkaguzi alinyoosha ile bahasha mbele yetu. Sisimizi walikuwa wameshapanga mstari kwenye ukingo wake, wanakwenda na kurudi. Akabandua kitu cheusi kwa ukucha, akakiweka kwenye kiganja. Jani la chai.

"Chai," akasema. "Yenye sukari. Na bado ni mbichi."

Mimi daktari alinikataza sukari. Katika nyumba ile anayekunywa chai ya sukari ni mmoja, na huweka vijiko vinne.

Bwana Mipango aliita "Mama Mkubwa" mara moja, taratibu, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwa mtu mzima. Bi Mkubwa akajipangusa mikono kwenye gauni. Hakujaribu baiskeli mara ya pili.

"Nimeiweka mimi," akasema. "Jana. Ni karatasi ya mfuko wa unga, nimeikunja kama bahasha, nikailoweka kwenye birika siku mbili."

Mkaguzi akauliza kwa nini.

"Kwa sababu nilikuja kuangalia nikakuta shimo tupu. Si kwamba imeoza. Kitu kikioza kinaacha weusi, kinaacha harufu. Nilikuta shimo safi kama sahani. Nikajua mkaguzi ukiliona utasema hatukufukia kitu, tumewadanganya watu, na gari lile pale nje litaondoka na mwenzangu." Akavuta pumzi. "Sitaki kwenda kwa binti wa ndugu yangu. Ana watoto wazuri, lakini sitaki."

Nikaona macho ya mwanangu yakienda chini, kwenye buti za mkaguzi, yakakaa hapo. Hilo la binti wa ndugu lilikuwa halijawahi kuulizwa.

Nilitaka kumshika Bi Mkubwa mkono. Ningefanya hivyo na hadithi ingeishia pazuri. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kufikiri, na Bi Mkubwa akianza kufikiri hata wewe uliye karibu unasikia joto.

"Ninachojiuliza," akasema, "ile ya kwanza aliitoa nani?"

Wote watatu wakanitazama. Hata jirani, ambaye kichwa chake kilikuwa kimechomoza juu ya ukuta sijui tangu saa ngapi.

"Panya," nikasema.

Mkaguzi akafungua ukurasa mpya. "Panya akala bahasha nzima, bibi? Bila kubakiza hata kipande?"

"Hujawajua panya wa huku, mjukuu wangu," nikamwambia, na ulimi ukanogewa, ukaenda mbele yangu. "Hawachagui. Karatasi ya juu wanatafuna, plastiki ya ndani wanatafuna, wanakomba vyote."

Kalamu ya mkaguzi ikasimama.

Bi Mkubwa akageuka, si kichwa tu, akageuka mwili mzima, polepole, na viatu vyake vya bustani.

"Plastiki gani, Bi Mdogo?"